CHOMBO HUFANANA NA MAHALI PAKE: MATEMBEZI YETU SINGIDA

Mtu asikiapo habari za meli hufikiri Pwani, au Mwanza, au Kigoma. Ni wachache wanaoifikiri Singida, nchi ya upepo, ukavu na majabali. Hata hivyo mojawapo ya meli mashuhuri za maziwa yetu ilipita katika nchi hiyo, tena juu ya ardhi kavu, nayo ni MV Liemba. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo ilichukuliwa kwa gari la moshi katika Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo hupita Manyoni na Itigi, ambazo leo zimo katika mkoa wa Singida.

Meli hiyo ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache mikononi mwa adui, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wenyeji wa upande wa kusini waliliita Ziwa Tanganyika tangu zamani. Basi chombo kilichokuja kamili kutoka ugeni, kila msumari wake umekwisha pimwa Ulaya, kilipata jina la wenyeji, nao wakakipenda. Na sababu ya kupendwa kwake ni kwamba kiliwafaa: kilisimama hata penye vijiji visivyo na gati, na watu wakakiendea kwa mitumbwi pamoja na mizigo yao ya samaki na mananasi.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu siku hizi, katika mito na maziwa mengi ya dunia, wenye vyombo vya anasa wanavibadilisha sura. Huondoa mazulia na vioo vinavyofanana kila mahali, wakatia mbao za kuchonga, mikeka, vyungu, na rangi za udongo na majani ya nchi ile. Katika mto Nili dahabiya za tanga, ambazo zilikuwa karibu kusahauliwa zilipokuja meli za mvuke, zimerudi tena kuchukua wageni kati ya Esna na Aswan. Jambo hili ni jema au ni pambo tu? Tuliona Singida ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo, maana huko hakuna meli ya kumdanganya mtu macho.

Kutoka Dodoma barabara yaenda kiasi cha kilomita 240. Baada ya tambarare ya Bahi nchi huinuka, ndio ukingo wa Bonde la Ufa, na mtu akifika Manyoni huhisi hewa imegeuka. Mbele zaidi huja mashamba ya alizeti, na hatimaye majabali ya matale, mengine yamepandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Katikati ya mawe hayo umekaa mji wa Singida, na kando yake maziwa mawili, Singida na Kindai. Maji yake ni ya chumvi na magadi, hayana kina kirefu, na huzidi na kupungua kwa kadiri ya mvua. Huko huja heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, wakala viumbe vidogo vya majini. Wala hawana ahadi na mtu, hukaa maji yakiwafaa na huondoka yasipowafaa. Kaskazini, katika Iramba, liko ziwa Kitangiri, linalopokea maji ya Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti mpaka ziwa Eyasi.

Lakini lililotufundisha zaidi ni nyumba. Wanyaturu na majirani zao wa nchi hizi za kati walijenga tembe. Nguzo zenye panda husimamishwa, juu yake hulazwa magogo, kisha fito na nyasi, kisha udongo mzito. Paa ni bapa, na nyumba ni fupi, hata upepo wa Singida hupita juu yake usipate pa kushika. Udongo ule mnene huzuia jua la mchana, na usiku huhifadhi joto. Nyumba huzunguka ua wa ndani, mifugo hulala salama, na watu wa nyumbani wana sitara yao bila ya kujifungia gizani. Kila kitu ndani yake kimejibu swali: upepo, jua, baridi, mnyama mkali, heshima ya familia. Aliyeijenga hakukusudia kuonyesha utamaduni wake kwa mgeni. Alikusudia kuishi vema, na uzuri ukaja pamoja na hilo.

Mabaharia wa Pwani nao walifanya vivyo hivyo. Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mnazi ulitoa kamba, mwitu ukatoa mbao, ukindu ukatoa tanga. Na ubao ulioshonwa hulegea kidogo ukigusa mwamba, mahali ambapo ubao uliopigiliwa ungepasuka. Baina ya tembe na mtepe kuna bahari na nyika, lakini akili iliyovitengeneza ni moja.

Kwa hiyo sisi twaona kipimo ni hiki. Chombo au nyumba ya wageni haifanani na mahali pake kwa kutundikwa ngao na kibuyu ukutani. Hufanana napo ikiwa imejibu maswali ya mahali hapo, na ikiwa mikono ya wenyeji imeshiriki katika kuiunda na katika faida yake. Mtu akitaka kuwatembeza wageni katika ziwa Singida, maji yenyewe yamekwisha mwambia afanye nini: mashua bapa isiyohitaji kina, kasia badala ya mtambo wa kelele unaowafukuza heroe, kivuli cha mkeka, na taka zote zirudi nchi kavu. Na akitaka kujenga nyumba ya kulala, ajifunze kwa tembe unene wa ukuta na ufupi wa paa, aongeze madirisha na namna bora ya kuzuia mvua, kwa maana paa la udongo huvuja mvua zikizidi. Tena asisahau mahali pa sala. Kibla cha Singida ni kaskazini, kwa kuelekea kidogo mashariki.

Ndugu zetu, hili si jambo la wageni na matajiri peke yao. Tembe zinapungua, na bati limechukua mahali pake. Hatumlaumu mtu kwa kupenda bati. Ni jepesi, halivuji, wala halitaki kutiwa udongo kila mwaka. Lakini mchana hugeuza chumba kuwa tanuri. Lililo baya ni kijana kuionea haya nyumba ya babu yake kabla ya kuuliza kwa nini ilijengwa vile. Wazee wanaojua ni mti gani hauliwi na mchwa, na panda gani yaweza kubeba gogo la paa, wanakwenda mmoja mmoja kwa Mola wao. Elimu hiyo ikizikwa pamoja nao, siku atakapokuja mwenye mali kujenga pale ziwani, atalazimika kuleta kila kitu katika masanduku kama ilivyoletwa Liemba, na vijana wetu watapata kazi ya kuyabeba tu.

Basi twawausia wazazi wa Singida na wa kila nchi: wachukueni watoto wenu kwa wazee, wawaulize habari za kujenga, za kuunda vyombo na za kusuka, na wayaandike majibu katika daftari. Nanyi vijana mnaosoma ufundi na uhandisi, ichukueni elimu hiyo mkaipime kwa hesabu zenu, mwongeze palipopungua. Mwenyezi Mungu hakuzifanya nchi zote kuwa sawa. Kila moja ameipa jua lake, upepo wake na udongo wake, akawapa watu wake akili ya kuvitumia. Kuitumia akili hiyo, bila ya israfu, ni katika kumshukuru.