Ukienda Zanzibar na watoto, wapeleke wakasikie jazi ya mseto

MCHANA, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni mahali pa watalii kupiga picha na kununua vinyago. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya Wareno kuondolewa, mwishoni mwa karne ya 17. Lakini ikifika Februari, msimu wa tamasha la Sauti za Busara, uwanja ulio ndani ya kuta hizo hujaa watu na spika kubwa.

Mzazi aliyezoea taarabu ya harusini anaweza kushtuka. Udi huanza peke yake, taratibu, mpigaji akitafuta njia bila karatasi mbele yake. Wazee wa taarabu huuita mtindo huo taksimu. Kisha gitaa la besi linaingia, dramu zinafuata, na fidla inaanza kujibizana na saksafoni. Hiyo ndiyo jazi ya mseto kwa lafudhi ya Unguja.

Muziki huu ulishika kasi Marekani miaka ya mwisho ya 1960, wanajazi walipochukua gitaa za umeme na midundo ya roki na fanki. Miles Davis alitoa albamu ya Bitches Brew mwaka 1970. Mpiga kinanda Herbie Hancock, aliyewahi kuwa katika bendi ya Davis, aliunda kundi lake ambalo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye alijiita Mwandishi, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, na mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwemo katika jazi hii tangu mapema.

Kuichanganya na taarabu si kazi nyepesi. Baadhi ya maqamu za Kiarabu zina sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Fidla na udi huzifikia, kwa kuwa shingo zake hazina vipingo, na kanuni ina vijiti vidogo vya kubadilishia sauti ya nyuzi. Kinanda cha kawaida na gitaa haviwezi. Bendi hulazimika kuchagua: ama wapige maqamu ambayo wote wanaiweza, ama kinanda kinyamaze fidla ipite. Kijana anayepiga humo hujifunza mapema kwamba kujua wakati wa kunyamaza ni nusu ya kazi.

Wengi wa vijana hao wamepitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kinachofundisha Zanzibar tangu mwaka 2002. Humo mtoto anaweza kujifunza kanuni, dumbak na ngoma za asili, na pia gitaa na jazi. Siti and the Band, kundi linaloongozwa na mwimbaji na mpiga udi Siti Amina, lilizaliwa hapo, na mwaka 2018 lilitoa albamu ya Fusing the Roots.

Si kila nyumba hufurahi. Wapo wazazi wanaoona muziki ni uhuni, na mtoto wa kike akishika ala, maneno ya majirani huongezeka. Hofu hiyo haistahili kudharauliwa: mazoezi huisha usiku na kipato hakina uhakika. Lakini kisiwa hiki ndicho kilichomlea Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kwenda mazoezini mwenyewe, akamjua mwalimu, akakubaliana naye saa ya mtoto kurudi nyumbani. Hilo hulinda zaidi kuliko kuificha fidla kabatini.

Fedha nazo ni tatizo. Tamasha la mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na mwaka 2019 chuo kilikuwa karibu kufunga milango kwa sababu hiyo hiyo, kwani wanafunzi wengi hawamudu ada kamili. Tiketi moja inayonunuliwa au ada moja inayolipwa ina uzito kuliko inavyoonekana.

Anayekwenda na watoto akae pembeni, mbali na spika. Sauti kubwa huharibu vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, na vikifa havioti tena. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo. Wadogo watolewe nje kila baada ya muda, wapumzishe masikio Forodhani wakila urojo. Wakirudi ndani, waulizwe ni ala gani iliyokuwa ikiongoza, na ipi ilikuwa ikiisubiri. Mtoto atakayejibu bila kubahatisha huenda akaomba fidla akifika nyumbani, hivyo ni vizuri mzazi awe na jibu tayari.