Kiumbe wa Kuazima

Nilipojifunza Magic: The Gathering nilikuwa mwanafunzi Uingereza, katikati ya miaka ya tisini, na nilichotoka nacho nyumbani ni karata za barazani: shupaza, kopa, uru na pau. Barazani karata ukishaila imeliwa. Hakuna wa kuja kuidai. Kwa hiyo kilichonishangaza katika mchezo huu wa Richard Garfield hakikuwa majoka wala wachawi. Ni kwamba unaweza kumtwaa kiumbe wa mwenzako, akakupigania, kisha akarudi kwao.

Toleo la kwanza kabisa, la mwaka 1993, lilikuwa na karata iitwayo Control Magic. Unalipa mana nne, yaani nguvu za uchawi za mchezo huu, unamwekea kiumbe wa mpinzani, naye anahamia upande wako wa meza. Ila hawi mali yako. Akifa, anazikwa kaburi la aliyekuja naye. Tena hawezi kushambulia zamu hiyohiyo: kanuni inataka awe chini yako tangu zamu yako inapoanza. Mporaji anangoja, na aliyeporwa anapata nafasi ya kujipanga.

Mwisho wa mwaka huohuo likaja toleo la Arabian Nights, na humo nikakutana na mtu niliyemfahamu tangu utotoni kutoka safari za Sindbad: yule mzee wa baharini anayempanda baharia mabegani na kukataa kushuka. Kwenye karata anaitwa Old Man of the Sea. Unamlaza ubavu, anamshika kiumbe mwenye nguvu zisizozidi zake, na anaendelea kumshika maadamu yeye mwenyewe amelala. Hadithi imeingia ndani ya kanuni, hata namna ya kuponyoka imo. Sindbad alimlevya mzee. Wewe unampulizia kiumbe wako aliyetekwa Giant Growth, nguvu zake zinaongezeka kwa tatu, na mzee anashindwa kumshikilia. Karata ya kumnenepesha adui inakuwa ya kumkomboa ndugu. Sijaona ubunifu wa karata ulionipendeza kuliko huo.

Lakini somo la kuvizia wakati nilifundishwa na Ray of Command, ya mwaka 1995. Hii inamtwaa kiumbe mpaka mwisho wa zamu tu, na unaweza kuipiga hata zamu ya mwenzako. Rafiki yangu mmoja alikuwa akikaa kimya, mana zake hazijatumika, anakuacha utangaze mashambulizi. Ukishatuma viumbe wawili, basi. Anamchukua mkubwa, ambaye hapohapo anatoka vitani na kuinuka, halafu anamtumia kumzuia yule mdogo. Ukiipiga kabla ya shambulizi kutangazwa, mwenzako anabaki nyumbani. Ukichelewa mpaka wazuiaji wamekwisha kutajwa, kiumbe umempata lakini hana tena wa kumzuia.

Ubishi haukukosekana. Kanuni za zamani zilikuwa na karata za papo kwa hapo na nyingine zilizoruhusiwa kuzikatiza, na kila meza ilikuwa na mufti wake. Mwaka 1999, Toleo la Sita likaleta rundo: kila kinachochezwa kinawekwa juu ya kingine, kama sahani, na cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutekelezwa. Nusu ya magomvi yetu ikaisha. Sikosi kusema kwamba nayo ilikuwa sehemu ya burudani.

Rundo hilo lilizaa kipindi ninachokipenda zaidi. Madhara ya vita nayo yalikuwa yakipanda rundoni yakisubiri. Karata nyekundu iitwayo Threaten ilikupa kiumbe wa mwenzako kwa zamu moja, akiwa ameinuka na tayari kushambulia bila kungoja. Unamtuma, anazuiwa, madhara yanapanda rundoni, halafu kabla hayajatua unamtoa kafara kwa Goblin Bombardment, karata inayogeuza kafara kuwa moto, anayechomwa naye anachomwa. Amepiga, amechinjwa, na mwenyewe hana cha kurudishiwa ila maiti. Mwaka 2009 wakaiondoa kanuni hiyo ya madhara. Madhara sasa yanatua palepale, kwa hiyo kiumbe aliyezuiwa unachagua: umchinje mapema asipige, au umwache apige na pengine afe kabla hujamfaidi. Wenye mchezo walitaka wageni waelewe upesi. Mimi naona waliwahurumia wageni kupita kiasi.

Wizi wa kudumu nao ulipanda bei. Warithi wa Control Magic, kama Persuasion ya 2001 na Mind Control ya 2009, wanataka mana tano. Kumwazima, kwa Act of Treason iliyokuja pia 2009, ni tatu.

Kuhusu Mindslaver, ya 2003, sina mengi. Hiyo haikupi kiumbe. Inakupa zamu nzima ya mwenzako, uone karata za mkononi mwake na umchezee vibaya kadiri upendavyo. Nimechezewa hivyo, nikainuka kwenda kuchemsha chai, kwa sababu mezani pangu palikuwa na mtu tayari.