Maji Yaendayo Kwetu

Nimekaa wiki tatu kwa mwanangu hapa Randburg, nami nimepata kurejea mahali nilipopapenda kuliko pengine pote katika miaka kumi na miwili ya ukarani wangu Johannesburg. Niliyoyakuta si ya kuficha.

Waijuao Blairgowrie wataikumbuka Delta Park, bustani pana ya nyasi na miti, na kijito kiitwacho Braamfontein Spruit kipitacho hapo. Nilipohamia mwaka 1996 mwanangu alikuwa na miaka sita. Kila Jumapili tulikaa chini ya mti mmoja ukingoni, yeye akirusha vijiwe majini, mimi nikiwasikiliza kwarara.

Mwaka 1999 marehemu baba alikuja kututembelea. Alivua viatu, akayateka maji kwa kiganja, akayatazama, akayanusa, kisha akatawadha kwa sala ya alasiri. Pengine hata siku hizo hayakuwa safi kama tulivyodhani, lakini macho na pua havikuona kasoro. Alipomaliza aliniuliza, "Mwanangu, maji haya yaenda wapi?" Mimi niliyejua kila faili kwa nambari yake sikuwa na jibu. Akasema, "Basi wewe ungali mgeni hapa."

Jumatatu yake niliifungua ramani ofisini. Kijito hiki huingia mto Jukskei, na Jukskei huingia mto Crocodile. Huo hupitia bwawa la Hartbeespoort, ukachangia kuunda Limpopo, nao Limpopo humwagika katika Bahari ya Hindi huko Msumbiji, kusini ya Sofala walikofika mabaharia wetu wa kale. Nikamwandikia baba Mombasa kwamba maji aliyotawadhia yako njiani kuelekea bahari yake. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Basi tu majirani."

Safari hii nilikwenda na mjukuu wangu, naye ana miaka sita. Harufu ilitupokea kabla ya kukiona kijito. Maji yalikuwa ya kijivu, yenye povu, na matambara na mifuko ya plastiki imening'inia matawini hadi kimo cha kifua changu, palipofika mafuriko. Ukingo umeliwa, na mti wetu umeanguka mizizi juu. Mtoto alikwisha vua viatu. "Babu, Baba alisema nitacheza majini." Nikamshika mkono. Chuoni tulifundishwa kuwa maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi, hayatwahirishi tena. Pale mawili yalitosha, sikuwa na haja ya kulijaribu la tatu. Alasiri niliisali nyumbani.

Usiku mwanangu alinieleza. Mabomba ya majitaka yamechakaa, na chemba ikiziba uchafu hufurika, ukatafuta bonde, na bondeni ndiko kijito kiliko. Mapaa na lami navyo huikusanya mvua na kuituma kwa kishindo, ikazila kingo. Nikamuuliza ni nini kizibacho. Akanitajia mchanga, matambara, na mafuta ya kupikia, ambayo huganda ndani ya bomba mithili ya samli wakati wa baridi.

Hapo nilinyamaza. Ramadhani zote kumi na mbili nilizofunga hapa, karai la sambusa nililimwaga mimi mwenyewe katika sinki, nikafuatishia maji ya moto, nikaamini kuwa kisichoonekana kimekwisha. Nikamuuliza mkaza mwanangu yeye humwaga wapi. Alilitazama sinki, akainamisha kichwa.

Babu yangu alitoka Nizwa, mji wa Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Omani iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2006. Katika falaj, maji ya kunywa huchotwa juu kabisa, kuoga na kufua hufuata chini yake, na mwisho ni mashamba. Kila mtu humfikiria aliye chini yake. Mimi nilisahau kwamba kuna walio chini yangu, na kwamba miongoni mwao alikuwamo baba yangu.

Lakini sikati tamaa. Delta Park yenyewe hapo zamani ilikuwa mtambo wa kusafishia majitaka ya jiji, kisha wakatokea watu walioifanya bustani.

Asubuhi iliyofuata mjukuu aliniuliza maji yale machafu yaenda wapi. Nilimtajia mito yote kwa majina, hadi baharini. "Mpaka kwetu Mombasa?" Nikamwambia bahari ni moja. Tangu siku hiyo chini ya sinki pana chupa ya mafuta yaliyotumika, na yeye ndiye mlinzi wake.

Nanyi, jamaa zangu, yachunguzeni maji ya mlangoni penu, kisha mniandikie yaendako.