TUFUNGE MZIGO KABLA YA SAFARI

Wengi wetu vijijini tukitaka mashine huenda Kariakoo, Dar es Salaam. Huko ziko pampu za maji, mashine za kukoboa, na matrekta madogo yanayoongozwa kwa mikono, ambayo watu huyaita pawatila. Kununua mashine ni kazi. Kuifikisha kijijini ikiwa nzima ni kazi nyingine.

Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na mizigo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, Waingereza waliandikisha Waafrika wengi kuwa wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wapagazi walipiga kambi mahali hapo, na watu wakalitamka jina hilo Kariakoo. Maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mzigo ulithaminiwa kuliko mtu. Sisi leo tusifanye hivyo.

Mwaka 2022 kikundi chetu cha wakulima wa mpunga, wilayani Mvomero, kilinituma Kariakoo pamoja na mwenzangu. Tulikwenda kununua trekta dogo. Fedha zake tulizichanga kwa misimu mitatu. Wako akina mama waliouza kuku ili watoe mchango wao.

Tulipata trekta, na tukapata lori karibu na Mtaa wa Msimbazi. Makuli walipandisha trekta kwa mbao mbili nene. Utingo akazungusha kamba moja tu. Akasema, "Mzee, chombo hiki kizito. Hakiendi popote."

Nilimjibu, "Mwanangu, uzito ndio hatari yenyewe."

Ndugu msomaji, fikiri juu ya abiria aliyesimama ndani ya basi. Dereva akikanyaga breki ghafula, basi husimama, lakini abiria husukumwa mbele. Trekta juu ya lori ni hivyo hivyo. Lina uzito unaopita kilo 300, tena lina magurudumu. Likianza kusogea, mtu hawezi kulizuia.

Tulifanya hivi. Kwanza, tuliliweka trekta katikati ya lori, karibu na ukuta wa mbele. Pili, tuliliacha ndani ya gia, tukafunga bomba la dizeli. Tatu, tuliweka kabari za mbao mbele na nyuma ya kila gurudumu, tukazipigilia misumari kwenye sakafu ya lori. Nne, tulifunga kamba nne nene: mbili zikivuta mbele, mbili zikivuta nyuma. Tulizifunga kwenye chuma kinene cha trekta, si kwenye mikono ya kuongozea wala kwenye mikanda ya injini. Upande wa pili tulizifunga kwenye ndoano za chuma za lori, si kwenye mbao za ubavuni. Penye chuma chenye makali tuliweka kipande cha gunia, ili kamba isikatike.

Dereva alilalamika kwamba tunamchelewesha. Kazi yote ilichukua muda wa saa moja.

Kabla hatujaondoka, watu watatu waliomba lifti. Mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Dereva alitaka wakae nyuma, kati ya trekta na magunia ya bidhaa nyingine. Mimi nilikataa. Mama yule alinikasirikia sana. Tulimpa nauli ya basi, akaenda zake bila kuniaga.

Tulishika Barabara ya Morogoro. Tulipofika Kibaha tulisimama kukagua kamba. Mbili zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko wa gari, tukazikaza. Tulikagua tena baada ya mizani ya Vigwaza.

Tulipokaribia Chalinze, pikipiki iliingia barabarani ghafula. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu. Lori lilisimama, na mwenye pikipiki akapona. Tulishuka kutazama nyuma. Trekta halikusogea hata kidogo. Lakini magunia, ambayo hayakufungwa, yaliporomoka. Yalijaza mahali pale pale ambapo mama yule angekaa na mtoto wake.

Dereva alitazama, akanyamaza. Kisha akamwita utingo, wakayafunga magunia.

Kijijini tulishusha trekta taratibu. Lori lilirudi nyuma hadi kwenye kingo ya udongo iliyo sawa na sakafu yake. Watu walishika kamba kutoka juu, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama chini, mbele ya trekta.

Ndugu wakulima, mkituma watu kununua mashine, wapeni pia fedha za kamba na kabari. Waambieni wasione haya kumsimamisha dereva na kukagua mzigo. Na mtu yeyote asikae nyuma pamoja na mashine, hata akiomba kwa machozi. Trekta likivunjika tutachanga tena. Mtu akifa hatuwezi kumchangia akarudi.