Kasri la Scharfeneck na Meli ya Ziwa Letu

Anayesimama katika bandari ya Kalundu, hapa Uvira, huona mbele yake maji ya Tanganyika, na ng'ambo milima ya Burundi. Ni nani angedhani ya kuwa maji hayo yana habari ya kasri moja la mbali, huko Ulaya? Lakini ndivyo ilivyo, na inafaa wazazi waijue habari hiyo wapate kuwasimulia watoto wao.

Kasri hilo liliitwa Scharfeneck. Lipo katika nchi ya Silesia, ambayo zamani ilitawaliwa na Wajerumani, na tangu mwaka 1945 ni sehemu ya Poland. Wenyeji wa sasa huliita Sarny. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 16, na katika karne ya 17 likaingia mikononi mwa makabaila wa ukoo wa von Götzen. Baada ya vita vikuu vya pili liliachwa likachakaa, mapaa yakabomoka. Ni katika miaka hii tu watu wameanza kulitengeneza tena.

Humo alizaliwa Gustav Adolf von Götzen mwaka 1866. Akawa afisa wa jeshi, mwenye cheo cha ukabaila kiitwacho Graf. Mwaka 1893 alianza safari kutoka Pangani, akafika Rwanda kwa mwami Kigeri Rwabugiri, akapanda mlima wa moto wa Nyiragongo, na mwaka 1894 akatokea kwenye mlango wa mto Kongo. Tangu 1901 hadi 1906 alikuwa gavana huko Dar es Salaam. Watu wa kusini walipoinuka katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, askari wa serikali yake waliteketeza vijiji, vyakula na mashamba. Njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi. Wako wanahistoria wanaohesabu waliokufa kuwa 200,000 na zaidi.

Götzen alikufa mwaka 1910. Baada yake, Wajerumani waliunda meli kubwa huko Papenburg, wakaipa jina lake. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaungwa tena Kigoma. Mwaka 1915 ilishuka ziwani kuwa meli ya vita. Mwaka 1916, waliposhindwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi; lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake mafuta mazito zisiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya: Liemba, jina la kale la ziwa hili kwa watu wa kusini.

Basi, mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Mobutu, meli hiyo hiyo iliwachukua maelfu ya wakimbizi kutoka Kigoma, ikawarudisha Uvira, makwao. Wako wazee waliopanda humo wakiwa vijana, na wapo akina mama waliowabeba watoto wao mgongoni.

Kwa hiyo watoto wakituuliza meli ile ni ya nani, tusiwafiche jina la kwanza wala habari ya njaa ile. Kisha tuwaambie jina la pili, na ni nani walioletwa nayo nyumbani.