Nauli ya mwanafunzi

Columbus, Ohio



Nawaandikia, ndugu zangu, nikiwa na hasira, na hasira yenyewe imeletwa na muziki. Ukipiga simu kliniki ya huku, kabla hujampata mtu unachezewa kinanda kisicho na mwanzo wala mwisho, kisha mashine inakushukuru kwa uvumilivu ambao hata hujauonyesha. Siku hizi nausikiliza muziki huo kwa niaba ya jirani yangu, mama mtu mzima wa Uvira, Kongo, aliyekuja kama mkimbizi. Ana presha, ana sukari pia. Anahitaji daktari wa magonjwa ya ndani wa kumfuatilia, si wa kumpa panadol na kumwambia apumzike. Bima ya serikali anayo, kadi imo kwenye pochi. "Karte niko nayo," ananiambia kila tukikata simu, "munganga hakuna."

Kwenye kundi la ukoo tayari kuna aliyeniuliza Marekani mtu anakosaje daktari. Anakosa, mjomba. Anakosa akiwa amesimama mlangoni pa jengo lililojaa madaktari.

Bima hiyo inaitwa Medicaid. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965, pamoja na pacha wake Medicare. Medicare ni hasa ya wazee wa miaka 65 na kuendelea. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, na gharama zake serikali kuu na jimbo hugawana. Kila jimbo lina masharti yake, majimbo mengine yana hata majina yake: California ni Medi-Cal, Tennessee ni TennCare. Ohio, tangu 2014, mtu mzima asiye na mtoto anaipata kipato chake kikiwa chini. Texas kwa kawaida hapati.

Mzizi wa fitina ni bei. Kwa kawaida Medicaid humlipa daktari pungufu kuliko Medicare, na Medicare yenyewe humlipa pungufu kuliko bima za makampuni. Daktari wa kliniki binafsi hakuna sheria inayomlazimisha kuipokea. Mnamjua konda wa daladala saa kumi na mbili asubuhi, anavyowatazama wanafunzi wenye sare? Nauli yao ni pungufu, kwa hiyo gari "limejaa" mpaka atokee mtu mzima mwenye nauli kamili. Huku ni yale yale, ila konda wa huku ana adabu. Hakusukumi wala hakufokei. Anakwambia kwa sauti ya asali kwamba kwa sasa hawapokei wagonjwa wapya wa mpango huo. Piga tena ujifanye una bima ya kazini, na nafasi inapatikana Alhamisi. Nimejaribu, msinihukumu.

Nyumbani foleni unaiona. Unafika alfajiri, unauliza wa mwisho nani, unakaa kwenye benchi, unamwachia mama wa pembeni nafasi yako ukanywe chai. Unalalamika kutwa nzima, lakini jioni umeonwa. Foleni ya huku imo ndani ya kompyuta. Huwezi kwenda tu ukakaa; lazima kwanza ukubaliwe kuwa mgonjwa wao, halafu upewe miadi, na miadi ya mgonjwa mpya yaweza kuwa miezi kadhaa mbele. Huoni nani yuko mbele yako, humjui wa kumbembeleza. Mwishowe mtu anakimbilia idara ya dharura, kwa kuwa sheria ya 1986 inazitaka hospitali zenye huduma hiyo zimpime kila ajaye na kumtuliza akiwa na hali ya dharura, awe na hela asiwe nazo. Presha inashushwa usiku, asubuhi anapewa karatasi iliyoandikwa: muone daktari wako. Daktari yupi?

Wenye ndugu wanaokuja huku, wasomeeni haya. Aliyepata kadi ya kijani kwa bahati nasibu, ikiwa ni mtu mzima, kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid, kwa hiyo asije akitegemea hiyo. Aliye nayo asiulize "mnapokea Medicaid?" Ataambiwa ndiyo, na ndiyo hiyo haitamfikisha popote. Majimbo mengi yameikabidhi kazi ya kuiendesha Medicaid kwa makampuni ya bima, kwa hiyo ataje kampuni iliyo kwenye kadi, daktari anayemtaka na tawi, kisha aulize kama daktari huyo anachukua wagonjwa wapya. Orodha za kwenye intaneti zina madaktari waliohama na waliostaafu, apige simu. Akikwama, nyuma ya kadi kuna namba: awadai wamtafutie wao, na aandike jina la aliyemjibu. Vipo pia vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu, ambavyo asili yake ni kituo cha Columbia Point, Boston, kilichofunguliwa 1965. Hivyo havimkatai mtu kwa umaskini. Hospitali za vyuo vikuu nazo mara nyingi zina kliniki za vijana wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, wakisimamiwa na wakubwa wao. Nawapenda hao, bado wana masikio ya kusikiliza, ingawa baada ya miaka 3 wanahitimu na unaanza upya. Mkalimani ni haki na ni bure, na adai wa Kiswahili anachokielewa. Mtoto wa shule asitafsiri ugonjwa wa mama yake. Usafiri wa kwenda kliniki Medicaid inalipia, mradi uombwe mapema. Na bahasha za serikali zifunguliwe! Uandikishaji huhakikiwa upya angalau kila mwaka. Tangu 2023, ulinzi wa wakati wa Korona ulipoondolewa, mamilioni wamefutwa, wengi wao kwa makaratasi ambayo hayakurudishwa.

Sasa zamu yenu. Benchi mnalo na hamlikalii. Mtu anapimwa presha mara moja, ananunua vidonge duka la dawa, akijisikia nafuu anaviacha eti asivizoee. Kisha usiku anazidiwa, simu zinapigwa, tuchange. Kamati ya harusi inakaa kila Jumapili, ina mwenyekiti na mweka hazina. Kamati ya bima ya wazee wetu haijawahi kukaa hata siku moja. Nitachanga, mnajua nitachanga, lakini mnanichosha.

Na mnaoshangilia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania ya 2023, nashangilia pamoja nanyi, ila kumbukeni Machi 2024, hospitali binafsi zilipogoma kupokea kadi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa sababu ya bei za kitita kipya. Watu walikuwa na kadi halali mkononi na dirisha likafungwa. Ugomvi ule na huu wa Ohio ni mmoja. Kwa hiyo afisa akija kuwaandikisha, msimuulize kadi ni shilingi ngapi halafu mkanyamaza. Muulizeni ni hospitali zipi huko wilayani zenye mkataba, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani yuko katika ipi kati ya hizo, na zikigoma tena mgonjwa wa sukari aende wapi. Akiwapa kipeperushi, mrudishieni, asome mwenyewe kwa sauti.