Siku Tuliyobaki Hotelini

Kanisa moja la Marekani lilitulipia siku nne kule Disney World, Florida. Bustani za burudani ni nne: Magic Kingdom, Epcot na zingine mbili. Nikasema hakuna tiketi itakayopotea. Siku mbili tulikimbia tu. Foleni, jua, basi, foleni tena. Usiku wa pili mke wangu alivua viatu akasema polepole, "Baba Imani, tangu tufike hujaniuliza niko aje."

Jibu nilikuwa nalo: hizi ni pesa za watu! Lakini nikaona miguu yake ilivyovimba, nikakumbuka hata nyumbani ni hivyo hivyo. Kesha, mazishi, krusedi, na yeye nyuma yangu amebeba mkoba.

Kesho yake hatukwenda popote. Tulikaa kando ya bwawa la kuogelea, watoto wakirukaruka majini, akanieleza mambo ya miaka miwili ambayo sikuyajua. Mengine yaliniuma.

Soma Marko 6:31, uone Yesu aliwaambia nini wanafunzi waliokosa hata nafasi ya kula. Halafu jioni ya leo zima simu, umuulize mwenzako yuko aje. Usimkatize.